Fundi wa kitasa Ujerumani: bei ipangwe kisheria, au tuwaachie waelewane mlangoni?

Mleta mada, Dortmund:
Wadau, jambo hili limeniuma na nataka tulijadili kwa hoja. Jirani yangu, binti wa Kitanzania anayesomea uuguzi hapa, alitoka Jumapili jioni kwenda kutupa taka. Milango ya nyumba nyingi za kupanga huku kwa nje haina mkono wa kuzungusha, ina kirungu kisichogeuka. Mlango ukijifunga nyuma yako, umebaki nje. Akaazima simu kwa mama wa ghorofa ya chini, akatafuta fundi mtandaoni, tangazo la kwanza likamwambia "kuanzia euro 29".

Bili ninayo mbele yangu: euro 487. Nyongeza ya Jumapili, nyongeza ya jioni, gari kuja na kurudi, silinda mpya (kile kiini cha kitasa kinachoingizwa ufunguo). Fundi alimpa karatasi asaini kabla hata hajagusa mlango, akatoboa silinda kwa dreli, kisha akamsindikiza mpaka kwenye mashine ya kutolea pesa. Mlango uliojifunga wenyewe bila kuzungushiwa ufunguo, fundi anayeijua kazi yake huufungua kwa kipande cha plastiki au waya, dakika chache, silinda ikabaki nzima. Ile dreli ilikuwa ya kunenepesha bili tu.

Msimamo wangu: iwepo bei ya juu kabisa iliyowekwa kisheria. Nauli ya taksi Ujerumani hupangwa na mamlaka ya jiji au wilaya. Ada za mthibitishaji wa mikataba zimo kwenye sheria. Hata daktari anayemtibu mgonjwa wa kulipa mwenyewe ana jedwali la malipo analofuata. Lakini mtu anayekukuta umesimama kwenye ngazi na ndala, funguo ziko ndani na jiko linawaka, huyo anajipangia bei anavyotaka! Na kazi hii haidai cheti cha ufundi. Ukishasajili biashara, umekuwa fundi.

Mdau, Hamburg:
Pole kwa huyo binti, lakini sikubaliani nawe, mkuu. Sheria ipo tayari. Bei ikifika karibu mara mbili ya bei ya kawaida sokoni, mahakama zinaweza kuubatilisha mkataba kwa sababu ya ulanguzi, hata kama umesaini. Tena kumnyonya mtu aliye kwenye shida ni jinai, kifungo hadi miaka 3. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisema kufungiwa nje ya nyumba yako kunaweza kuhesabika kuwa ni shida ya namna hiyo. Angekataa kulipa papo hapo, akadai ankara ya kulipa kwa benki, na fundi akileta vitisho apige 110, namba ya polisi. Ukiweka kikomo, mafundi waaminifu hawataamka saa tisa usiku wa Krismasi.

Mleta mada:
Hiyo sheria naijua, na ni nzuri. Inamfaa mwenye ujasiri wa kuitumia. Binti ana miezi michache hapa, Kijerumani chake ni cha wodini, na kibali chake cha kuishi kinakaribia kuhuishwa. Unadhani atamwita polisi saa mbili usiku, mbele ya mwanamume aliyesimama kati yake na mlango wake? Wageni wengi tunalipa ili yaishe. Ukishalipa, mzigo wa kudai ni wako: barua, ada ya mahakama, na pengine anwani iliyoko kwenye ankara ina sanduku la posta tupu.

Kuhusu usiku wa Krismasi, kikomo kinaweza kuwa na kiwango cha mchana na kiwango cha usiku na sikukuu. Hakuna anayetaka fundi afanye kazi bure.

Mdau, Nairobi:
Mimi niko kwenye kozi ya Kijerumani, natarajia kuja mwakani. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, darasa letu limejaa. Tumefundishwa kuagiza mkate na kuuliza treni. Hili hatujaambiwa. Nifanyeje likinikuta?

Mleta mada:
Dada yangu, siku ya kwanza ukipata nyumba, mpe mtu unayemwamini ufunguo wa akiba. Tafuta mapema fundi mwenye duka mtaani kwako, duka uliloliona kwa macho, uhifadhi namba yake. Yale matangazo ya juu mtandaoni mara nyingi ni vituo vya simu vilivyo mbali, japo namba ni ya mjini kwako. Ukipiga, sema mlango umejifunga tu, na udai bei kamili pamoja na usafiri kabla hajatoka. Ikishindikana, Verbraucherzentrale, shirika la kutetea walaji, lina ofisi miji mingi; nenda na ankara. Huyo binti nampeleka Jumanne.

Mdau, Hamburg:
Ushauri huo naukubali wote. Kikomo bado kinanipa shaka. Nani atakipanga? Ukiwaachia mafundi wenyewe, watakiweka juu mpaka wezi wafurahi.

Mleta mada:
Mamlaka ileile inayopanga nauli za taksi. Inajua kilomita ni nini, inajua usiku ni nini, na mafundi na wapangaji wote wasikilizwe kabla ya kuamua. Kama una sababu ya kwa nini iweze kumpangia dereva lakini ishindwe kwa fundi wa kitasa, iweke hapa tuijadili.