Mahakama ilikuwa sahihi kumzuia Penguin Random House asiinunue Simon & Schuster?

Msomaji wa Daladala (mleta mada)

Wakuu, salamu. Jambo hili nimelibishania na rafiki zangu hadi chai ikapoa, leo nalileta kwenu.

Kwa ambao hamkulifuatilia: Novemba 2020 Penguin Random House, jitu la vitabu vya kuuzwa madukani (si vya shule), lilikubali kuinunua Simon & Schuster, mchapishaji mwenzake mkubwa wa Marekani, kwa dola bilioni 2.175. Mwaka uliofuata Wizara ya Sheria ya Marekani ikafungua kesi. Ilisikilizwa Washington Agosti 2022 mbele ya Jaji Florence Pan, na tarehe 31 Oktoba akazuia ununuzi. Jitu likalipa dola milioni 200 kwa dili kuvunjika. Mwaka 2023 Simon & Schuster ikachukuliwa na KKR, kampuni ya uwekezaji, kwa dola bilioni 1.62.

Mimi nasema hukumu ile haikumsaidia mtu yeyote anayehitaji msaada, na ilikuja jioni sana. Tazameni ukoo wenyewe. Penguin ilianza 1935, Allen Lane akitoa vitabu vya jalada jepesi kwa peni sita, bei ya pakiti ya sigara. Wakati huo ilikuwa mtoto wa Bodley Head, mchapishaji wa London. Leo Bodley Head ni chapa mojawapo (yaani jina la uchapishaji chini ya kampuni kubwa) ndani ya nyumba ya Penguin, yaani mtoto kammeza mama! Random House ni ya 1927. Bennett Cerf na Donald Klopfer walitaka tu kuchapa vitabu vichache pembeni, ovyo ovyo, ndiyo maana ya jina. Mwaka 1960 ikaichukua Knopf, mchapishaji mwingine, 1965 ikanunuliwa na RCA, watu wa redio na televisheni, 1980 ikaenda kwa familia ya Newhouse, 1998 kwa Bertelsmann ya Ujerumani, ambayo mwaka 1835 ilikuwa ikichapa vitabu vya nyimbo za kanisani. 2013 Random House na Penguin wakaoana, na Wizara ile ile ya Sheria haikuweka hata sharti moja. 2020 Bertelsmann akamaliza kununua hisa zote za kampuni hiyo ya ndoa.

Sasa baada ya sahani kuliwa yote, unamzuia mtu asilambe kijiko?

Halafu kesi yenyewe ililinda nani? Waandishi wanaolipwa malipo ya awali (fedha anazopewa mwandishi kabla kitabu hakijauzwa) ya dola 250,000 na kuendelea. Hao ndio wanyonge wetu? Nawasilisha.

Mwana wa Newala

Mkuu, historia umeipanga vizuri, ila umeikosea kesi. Nakuelezea kwa korosho, maana huko ndiko nilikokulia.

Mkulima akipeleka mzigo ghalani, roho yake iko kwenye mnada. Wanunuzi wakiwa wengi, bei inapanda. Wakiwa wachache, wanatazamana tu, kila mmoja anaandika bei ya chini na mkulima hana pa kukimbilia. Mlaji wa korosho huko ng'ambo anaweza asione tofauti yoyote dukani. Anayeumia ni mwenye shamba.

Kesi ile ilikuwa ya mwenye shamba. Kesi nyingi za makampuni kuungana huuliza kama mnunuzi wa mwisho atapandishiwa bei. Hii iliuliza kama mwandishi atapunjwa. Ndiyo maana mimi naiona ya maana kuliko unavyoiona wewe. Mwandishi wa Marekani hutuma mswada kupitia wakala (anayekata asilimia 15), wakala akiona una moto anauendeshea mnada kati ya wachapishaji. Anayeshinda hutoa malipo ya awali. Kitabu kikidoda, mwandishi kwa kawaida harudishi kitu. Kikiuza, haoni mrabaha mpya (fungu lake kwa kila nakala inayouzwa) mpaka mirabaha ifidie kwanza yale malipo. Na vitabu vingi havifikii kuyafidia. Kwa hiyo kwa waandishi wengi malipo ya awali ndiyo mshahara wote. Ukipunguza wazabuni, umepunguza mshahara.

Katika soko hilo la dola 250,000 kwenda juu, jitu lilikuwa na asilimia 37 na Simon & Schuster 12. Jumlisha mwenyewe.

Kobe Mpole

Stephen King, yule mwandishi tajiri wa riwaya za kutisha, alikwenda mahakamani kutetea wanyonge 😂 Na yeye analia njaa?

Mwana wa Newala

Kobe, ucheke lakini usikilize. King anachapwa na hao hao Simon & Schuster, na alitoa ushahidi upande wa serikali, dhidi ya kampuni inayomlisha. Jitu lilikuwa limeahidi kwamba hata baada ya ndoa, chapa za pande zote mbili zingeruhusiwa kushindana kwenye minada. King akasema hiyo ni sawa na mume na mke kushindania kununua nyumba ile ile. Jaji naye hakuitegemea ahadi hiyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuwalazimisha waitimize.

Shanga za Lamu

Sasa mimi nitasema kinyume na nyote, mniwie radhi. Nimeuza vitabu dukani miaka kadhaa, na sioni dhambi ya ukubwa kama mnavyoiona.

Biashara hii haina adabu. Duka linachukua nakala, zisipotoka linazirudisha kwa mchapishaji, desturi iliyoshika Marekani tangu mdororo wa miaka ya 1930. Karatasi, uchapaji, lori la kwenda na lori la kurudi, hasara yote kwa mchapishaji. Mdogo akirudishiwa kontena moja amekwisha. Mkubwa anaibeba kwa sababu kitabu kimoja kilichoshika moto kinalipia kumi vilivyolala. Na mbele yake amesimama Amazon, muuzaji anayeweza kumwambia mchapishaji yeyote apunguze bei au akae pembeni. Mnataka wachapishaji wabaki wadogo wadogo mbele ya duka la namna hiyo?

Jitu lilisema kuungana kungepunguza gharama na sehemu ya akiba ingewafikia waandishi.

Mwana wa Newala

Lilisema, dada Shanga, ila hesabu zenyewe jaji alizikataa kwa kuwa hazikuthibitika. Kuhusu Amazon nakubali. Lakini dawa ya dalali mmoja si kuunda dalali wa pili.

Mtafsiri wa Tanga

Naona mnabishania mamilioni. Nami niulize la huku kwetu.

Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopata Nobeli Oktoba 2021, riwaya yake ya Afterlives ilikuwa imeshatoka Uingereza kwa Bloomsbury tangu 2020. Marekani haikuwa na mchapishaji. Ndipo Riverhead, chapa ya jitu letu, ikaichukua, na ikatoka Agosti 2022, mwezi ule ule wa kesi. Kwa hiyo msiniambie kwamba wakubwa hubeba hasara kwa ajili ya fasihi. Walisubiri watoaji wa Nobeli huko Stockholm waseme.

Shanga za Lamu

Siyo kweli yote. Desertion, 2005, ilitoka Marekani kwa Pantheon, na Pantheon ni ya Random House. Paradise ya 1994 ilitoka London kwa Hamish Hamilton, nayo ni chapa ya Penguin. Walimchapa alipokuwa hajulikani.

Mtafsiri wa Tanga

Ahsante kwa kunisahihisha, Desertion nilikuwa nimeisahau. Lakini angalia kilichofuata: The Last Gift, 2011, haikutoka kwa Pantheon. Kwa jitu, mwandishi asiyeuza sana haonekani kwenye hesabu.

Msomaji wa Daladala (mleta mada)

Nimesoma wote. Mwana wa Newala amenisogeza hatua moja: nilidhani kesi ni ya matajiri, kumbe ni ya mnada, wazabuni wakipungua mwandishi anapunjwa. Hilo nalipokea. Ila sijashawishika kwamba mwandishi wa malipo ya awali ya dola elfu tano amepata chochote. Na kama tulimwogopa Bertelsmann, mtu wa vitabu tangu 1835, sielewi kwa nini tulale usingizi kwa KKR, ambao kazi yao ni kununua kampuni na kuiuza tena.

Na kwa vile Shanga ameitaja Paradise: ilichapwa na jitu 1994. Sisi tuliisoma kwa Kiswahili, Peponi, 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na aliyeitoa ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Miaka 28. Anayejua kama kuna riwaya nyingine ya Gurnah inayotafsiriwa aseme hapa, nakala yangu imeshazunguka mtaa mzima na haijarudi.