Naombeni ushauri: matangazo ya Google kwa ajili ya kuuza viwanja

MwanaMapinga:
Wakuu habari zenu. Tunauza viwanja vilivyopimwa, vingine Mapinga upande wa Bagamoyo, vingine Kisarawe II kule Kigamboni. Instagram imetuletea "bei?" nyingi mno, lakini wanaofika saiti ni wa kuhesabu. Tukajaribu tangazo la Google, lile unalolipia mtu akibofya. Laki tatu imekatika chap, na simu zinazoingia ndiyo hizi: mmoja anatafuta chumba na sebule Tuangoma, mwingine anataka ramani ya nyumba ya vyumba vitatu. Niongeze bajeti au nisimamishe? Kuna vijana wawili wanakula kupitia kazi hii.

Fundi_Tangazo:
Simamisha kwanza mkuu. Fungua ripoti inayoonyesha watu waliandika nini kabla ya kubofya. Sitashangaa ukikuta "viwanja vya mpira", "viwanja vya ndege", "nyumba za kupanga". Hayo yote umeyalipia. Yaweke kwenye orodha ya maneno ya kuzuia, na uandike kila umbo, kwa sababu orodha ile haijiongezi: ukizuia "kupanga", "kupangisha" inapita.

Neno "viwanja" likiwa peke yake litoe kabisa. Tumia "viwanja vinauzwa Mapinga" au "kiwanja chenye hati Kigamboni", uyafunge kwa alama za kunukuu au mabano ya mraba. Ukiyaacha wazi, Google inayatanua mpaka kwa chochote inachoona kinakaribiana.

Mama_Kitalu:
Naongezea. Tangazo linampeleka mtu wapi? Kama ni ukurasa wa mwanzo wenye picha kubwa za familia inacheka, bando linaisha kabla hajaona bei. Mpeleke moja kwa moja kwenye ukurasa wa Mapinga: bei, mita za mraba, umbali kutoka lami, malipo ya awamu, hati ipo au bado inashughulikiwa. Anayetaka namba ya kiwanja na kitalu akafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakiki mmiliki ni nani, mpe bila kusita. Huyo ndiye mnunuzi.

Hesabu_Kwanza:
Simamisha tangazo kwa hesabu, siyo kwa hasira. Chukua mfano: mbofyo shilingi 600, na katika wabofyaji 30 anapiga mmoja. Simu moja ni 18,000. Katika simu 10 wakifika saiti 2, kila aliyefika amekugharimu 90,000. Katika watano waliofika akinunua mmoja, mauzo yamekula 450,000. Faida yako kwa kiwanja ikiwa milioni moja, endelea. Ikiwa laki nne, hapo unamfanyia kazi Google. Weka namba zako halisi.

Na pima simu na WhatsApp, mibofyo haitoshi. Ukiiambia Google ikuletee mibofyo mingi, itakuletea mibofyo tu.

MwanaMapinga:
Shukrani sana wakuu. Ni kweli, "viwanja vya ndege" ipo tena mara nyingi. Swali lingine: kuna mibofyo ya Muscat na London. Niifunge?

Fundi_Tangazo:
Usiifunge, itenganishe. Mpangilio wa kawaida wa Google unachukua walioko eneo ulilochagua pamoja na wanaoonyesha kulipenda. La Dar liwekee walioko Dar tu. Ndugu zetu wa nje wafungulie tangazo lao lenye bajeti yake, na ukurasa wenye video ya saiti, kwa sababu hawawezi kupanda daladala wakaone.

Mama_Kitalu:
Hao wa nje waulize mapema wana uraia wa wapi. Ardhi ina masharti yake kwa asiye raia, kwa hiyo mwanasheria aangalie kabla hela haijatumwa. Na meseji ya Muscat ijibiwe siku hiyo hiyo. Mtu aliyeandika "kiwanja chenye hati" hajamtafuta muuzaji mmoja tu, na kesho asubuhi atakuwa ameshaongea na mwingine.

MwanaMapinga:
Nimeelewa. Leo nasafisha maneno, ukurasa wa Mapinga naujenga upya. Kisarawe II itasubiri.