Msichana wangu amegoma kusoma likizo hii, nimnunulie vitabu gani?

Tassia_Mtulivu:
Wazazi wenzangu, hamjambo. Msichana wangu amemaliza Gredi ya 7. Huyu mtoto alikuwa msomaji kweli, hata nyama ikifungwa kwa gazeti anasoma gazeti kwanza. Tangu wafunge shule hagusi kitabu. Anashinda chumbani na simu ya mamake. Nilimletea hadithi tatu za Kiswahili kutoka kwa wale wa inama, wanaouza vitabu kando ya barabara pale mjini, ziko juu ya friji hadi sasa. Naomba majina ya vitabu vinavyoweza kumrudisha. Na kama kuna mwalimu anayefika Embakasi kwa bei nafuu, aseme. Nimekwama.

Mama_Pendo_Umoja:
Chukua hiyo simu kwanza. Mimi yangu nimefungia kabatini na ufunguo natembea nao kifuani.

Buda_Kayole:
Mwambie vitabu vimepigwa marufuku. Atavisoma vyote kufikia Krismasi.

Konda_Mstaafu:
Mimi nilijifunza kusoma kwa mabango ya matatu. Baba alikuwa dereva, nami nakaa mbele nikisoma kila kilichoandikwa kwa gari linalotupita, mengine hayafai kuandikwa hapa. Watoto wa siku hizi mnawapa kila kitu ndiyo maana hawataki kitu. Mimi nina vijana wanne na hakuna aliyewahi kununuliwa kitabu cha hadithi, na wawili wako chuo.

Shosho_wa_Kinoo:
Na hao wengine wawili?

Konda_Mstaafu:
Shosho, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mwalimu_Chaki:
Nafundisha JSS, yaani sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi 9. Mambo mawili. Kwanza, tuisheni ya likizo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na faini yake inafika shilingi laki moja. Mwalimu atakayekubali kukufundishia hadharani hapa hana akili, usimpe mtoto wako. Pili, ukitaka vitabu, mpeleke akachague mwenyewe. Maktaba ya Kaloleni na ile ya Eastlands pale Makadara ni matawi ya McMillan iliyo Banda Street, na kuna ya KNLS, maktaba ya taifa, pale Buruburu. Mtoto wa miaka kumi na miwili akichaguliwa kitabu na baba anaona ni kazi ya ziada.
Lakini msomaji haachi kusoma ghafla bila sababu. Nini kilitokea shule zilipofungwa?

Tassia_Mtulivu:
Asante mwalimu. Hakuna kilichotokea. Ripoti ilikuja, Hisabati na Sayansi ameandikiwa "anakaribia matarajio". Sikumpiga wala kumgombeza.

Mama_Pendo_Umoja:
Anakaribia si mbaya. Wangu yuko chini ya matarajio na anakula chapati nne.

Mwalimu_Chaki:
Na Januari anaingia Gredi ya 8 shule hiyo hiyo?

Tassia_Mtulivu:
Tunabadilisha shule. Pale darasa limejaa mno na mwalimu mmoja anafundisha masomo ambayo hakuyasomea. Nimepata akademia karibu na nyumbani.

Mwalimu_Chaki:
Sikuuliza shule. Nimeuliza gredi.

Tassia_Mtulivu:
Ataanza ya 7 tena. Hawa wenye shule walimpa mtihani mdogo wakasema msingi hauko imara. Ni mwaka mmoja tu, hauwezi kumharibia mtu maisha. Wazee wetu walirudia darasa na wengine sasa ni mawaziri.

Shosho_wa_Kinoo:
Mwanangu, huyo mtoto ana ndugu?

Tassia_Mtulivu:
Ana mdogo wake, mvulana. Amefanya KPSEA juzi, ule mtihani wa Gredi ya 6.

Shosho_wa_Kinoo:
Kwa hiyo naye anaingia ya 7.

Tassia_Mtulivu:
Ndiyo, wataingia pamoja. Shule ina mkondo mmoja kwa hivyo watakuwa darasa moja. Kabla hamjanirukia, sikilizeni. Tukipeleka wawili tunapunguziwa karo. Vitabu ni seti moja, watasomea meza moja jioni. Na kijana ni mwepesi, Hisabati anaweza kumsaidia dadake. Nimeshalipa elfu kumi za kushikilia nafasi. Mama yao pia amekubali, ingawa alinyamaza kwanza.

Mama_Pendo_Umoja:
Uwiii.

Buda_Kayole:
Kwa hiyo kifungua mimba atakuwa akiombwa na mdogo wake amwonyeshe hesabu, halafu wewe unauliza majina ya vitabu.

Nyokabi_Tena:
Nilirudia darasa la saba nikawa na binamu yangu wa nyumba moja. Mwalimu akisoma alama ananitazama mimi kabla hajamtaja yeye. Niko na miaka thelathini na saba, na mpaka leo tukikutana kwa harusi ananiuliza mbele ya watu kama namkumbuka mwalimu wa Hisabati. Sitaki kuandika zaidi.

Mwalimu_Chaki:
Ndugu, acha nikupe la ofisini. Sheria hiyo hiyo ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kurudishwa nyuma darasa. Halafu kuna KNEC, baraza la mitihani. Mtoto ana namba yake ya tathmini, na alama za miradi ya shule za Gredi ya 7 zinaingizwa kwenye mfumo kwa namba hiyo. Kwenye alama za kumpeleka sekondari ya juu, mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, unachukua asilimia 60, KPSEA 20, na hizo kazi za Gredi ya 7 na 8 ndizo 20 zilizobaki. Akirudia, alama zipi zitahesabika? Hiyo akademia ilikueleza?

Tassia_Mtulivu:
Walisema hayo ni ya kwao kushughulikia.

Mkosoaji_wa_South_B:
Ngojeni kidogo, mimi naona hapa tunachezewa. Shule ya umma vitabu vya kiada vinatoka serikalini, na JSS serikali inatoa 15,042 kwa mwanafunzi kila mwaka. Sasa huyu anahama kwenda kulipa karo mara mbili ili aokoe pesa ya seti moja ya vitabu? Hesabu gani hiyo? Na Machi mwaka huu Tassia_Mtulivu alifungua uzi kuuliza kama bachela anaweza kuishi Tassia kwa elfu kumi. Bachela ana watoto wawili wa JSS?

Buda_Kayole:
Weeeh. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

Konda_Mstaafu:
Hawa ni watu wa shule za kulipa. Wanaanzisha stori, halafu baadaye anatokea mtu mwingine kuuliza "shule gani hiyo ina nafasi?" Nimewaona sana.

Tassia_Mtulivu:
Ule uzi nilikuwa nauliza kwa niaba ya shemeji yangu aliyekuwa anahamia Nairobi kutoka Kitui. Ningekuwa natangaza shule si ningeitaja? Mmenikasirisha kweli.

Mkosoaji_wa_South_B:
Wanaotangaza ndio hukasirika haraka.

Mama_Pendo_Umoja:
Tangazo gani linasema shule itamweka dada na mdogo wake darasa moja? Hata mimi singenunua.

Shosho_wa_Kinoo:
Iwe ya kweli au ya kutunga, kuna mzazi mwingine anasoma hapa akipanga jambo hilo hilo, kwa hivyo tumjibu. Mwanangu, msichana ameambiwa?

Tassia_Mtulivu:
Hatujamwambia. Tulipanga kumwambia tukiwa ushago Krismasi, akiwa na nyanyake.

Nyokabi_Tena:
Na siku alipopewa huo mtihani mdogo, mdogo wake alikuwa chumba kipi?

Tassia_Mtulivu:
Hapo hapo. Walipewa karatasi moja.

Nyokabi_Tena:
Basi ameshajua.

Tassia_Mtulivu:
Pengine. Lakini pesa nimeshatoa, na risiti imeandikwa hairudishwi. Kijana anaipenda ile shule, ina uwanja.

Mwalimu_Chaki:
Kijana aende. Waambie hizo elfu kumi ziingie kwenye karo yake ya muhula wa kwanza, waandike hivyo kwa karatasi. Msichana abaki alipo aingie ya 8, na Hisabati afanye nusu saa kwa siku na mtu ambaye si mdogo wake. Hadithi zitoe juu ya friji, usimwambie kitu, ziache sebuleni.

Tassia_Mtulivu:
La kuhamishia kwa kijana sikulifikiria. Lakini hapo punguzo la wawili linapotea.

Shosho_wa_Kinoo:
Lipotee.

Tassia_Mtulivu:
Kesho nitapitia ofisini kwao, kama hawajafunga. Sijaamua lakini.

Mkosoaji_wa_South_B:
Ukitoka huko tuletee picha ya risiti, jina la shule ulifunike. Bado nasema ni tangazo.

Kiti_cha_Nyuma:
Samahani, nimechelewa kusoma uzi. Shule gani hiyo ina nafasi?

Konda_Mstaafu:
NILISEMA!