Klipa na plagini za kanda kwa studio ndogo: nichague ipi, na niiweke wapi?

Mwandaji_Ujiji

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Ujiji. Ninaendesha studio ya chumba kimoja ambamo ninarekodi kwaya, kaswida na vijana wa Bongo Fleva, na kwa miezi kadhaa sasa ninahangaika na jambo ambalo naomba mnisaidie kwa kina. Nyimbo ninazozitoa zinasikika vizuri kwenye hedfoni zangu, lakini zikipigwa kwenye bajaji ya jirani mara tu baada ya wimbo uliotengenezwa Dar es Salaam, zangu zinakuwa kama zimefunikwa blanketi. Kiki, yaani ngoma nzito ya mguu, haigongi, besi inapotea kabisa, na nikijaribu kuongeza ukubwa wa sauti kwa kuisukuma limita ya mwisho, yaani kile kizuizi cha sauti isivuke mpaka, kila kiki inapopiga mwimbaji anazama kisha anaibuka tena.

Nimeshauriwa kwamba dawa yake ni klipa pamoja na plagini (programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya kurekodi) inayoiga kanda za zamani, na majina niliyotajiwa ni mengi: StandardCLIP, Free Clip, Softube Tape, Waves J37, Chow Tape. Natumia programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, na fedha niliyo nayo inatosha kununua plagini moja tu. Ningependa kufahamu klipa inatofautianaje na limita, kama za bure zinatosha, na kama kanda inatangulia klipa au inaifuata.

Liko pia jambo linaloniuma zaidi. Mwezi uliopita nilirekodi kwaya ya sauti nne, nikaweka klipa kwenye masta, yaani chaneli ya mwisho inayobeba wimbo mzima, ili wimbo uwe mkubwa, na kesho yake mwalimu wa kwaya akarudi akaniambia kwamba soprano zinakwaruza na kwamba anasikia noti ambazo yeye hakuziandika. Sikuwa na jibu la kumpa.

DadaMiksi_Gungu

Kaka, pole na kazi. Tuko mji mmoja, na mimi pia hupimia kazi zangu kwenye bajaji, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Limita inapokutana na kilele kilichovuka mpaka uliouweka, inashusha sauti ya wimbo mzima kwa kitambo, kisha inairudisha polepole. Ikiwa kiki yako imeinuka desibeli 4 juu ya vyombo vingine, limita inalazimika kumshusha mwimbaji, kinanda na besi kwa sababu ya kiki peke yake, na huko ndiko kuzama na kuibuka unakokusikia. Klipa inakikata kilele pale pale kilipovuka mpaka, na haigusi chochote kilichotangulia wala kilichofuata. Likuze wimbi la kiki kwenye skrini hadi uweze kuzihesabu milisekunde, nawe utaona mwanzoni mwa pigo kuna sindano nyembamba, halafu ndipo unafuata mwili mnene. Sindano ile ndiyo inayokula nafasi yako yote, ilhali sikio huushika zaidi mwili. Ukiipunguza kwa desibeli 3, mara nyingi hakuna atakayegundua, lakini wewe umepata desibeli 3 za kuuinua wimbo bila limita kushtuka.

Kwa sababu hiyo klipa ya kwanza iweke kwenye chaneli ya pamoja ya ngoma, si kwenye masta. Masta inaweza kupata ya pili inayokata desibeli 1 au pungufu, na ikibidi kukata zaidi ya hapo, rudi kwenye miksi utafute chombo kilichozidi.

Besi inayopotea ina uhusiano na jambo hilohilo. Kiki yenye msingi wa hezi 60 haiwezi kusikika kwenye spika ndogo, kwa kuwa spika yenyewe haina uwezo wa kutoa hezi 60. Wimbi likikatwa sawasawa juu na chini, huzaliwa hamoniki, yaani sauti za juu zilizo mara kadhaa ya msingi, za namba witiri, yaani hezi 180, 300, 420 na kuendelea, ambazo spika ndogo inaziweza, na ubongo ukizisikia hujijazia wenyewe ule msingi ambao haukutolewa. Kwa hiyo hata mtu anayesikiliza kwa simu ataihisi kiki yako.

Katika kuchagua, usivutwe na sura ya dirisha la plagini. Tazama umbo la kona, yaani kama klipa inakata ghafla au inaanza kupinda kabla ya kufika mpakani, kisha tazama ovasampulingi, yaani kufanya hesabu kwa kasi kubwa kuliko ya mradi wako. Hii ya pili wengi wanaipita, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Mradi wa kilohezi 44.1, yaani unaopima wimbi mara 44,100 kwa sekunde, unabeba masafa yasiyozidi kilohezi 22.05, na hamoniki inayozaliwa juu ya hapo haipotei, bali hurudi chini kama mpira uliogonga dari. Chukua sauti ya matoazi yenye kilohezi 9: hamoniki yake ya tatu ni kilohezi 27, nayo inarudi hadi 17.1, ya tano ni kilohezi 45, nayo inaangukia hezi 900, katikati kabisa ya sauti ya mwimbaji, mahali ambapo haina uhusiano wowote na ufunguo wa wimbo. Ovasampulingi ya mara 4 inafanya hesabu kwa kilohezi 176.4, dari linapanda hadi 88.2, kisha yale ya ziada yanachujwa kabla ya kurudishwa chini. Inakula nguvu ya kompyuta, kwa hiyo fanya kazi na mara 2 au 4, halafu ipandishe unapotoa faili.

Kuhusu fedha, usinunue klipa kwa sasa. Fruity Soft Clipper iliyomo ndani ya FL Studio ina kitufe cha mpaka na cha sauti ya kutokea, kona yake ni laini, na kwa kiki moja inatosha. Kwa chaneli nzima ya ngoma pakua Free Clip ya Venn Audio, ambayo ni ya bure, ina maumbo kadhaa ya kona na ina ovasampulingi. StandardCLIP ni nzuri sana na ndiyo ninayoitumia, lakini tofauti yake na hizo hutaisikia mpaka miksi yako iwe imekaa sawa.

Msikilizaji_Isevya

Nami natoka Tabora, na kazi yangu kubwa ni kwaya, kwa hiyo nitamjibu yule mwalimu. Mwalimu yuko sahihi kabisa: noti ambazo hakuziandika zipo kweli kwenye faili yako.

Sauti mbili zinapopita pamoja kwenye kitu kinachopindisha wimbi, hazizai hamoniki zao tu, bali zinazaa pia watoto wa kuchanganyika. Tuseme alto anaimba hezi 440 na soprano hezi 523. Klipa itakuletea hezi 357, ambayo ni mara mbili ya 440 ukitoa 523, na hezi 606, ambayo ni mara mbili ya 523 ukitoa 440. Ya kwanza inaangukia kati ya Fa na Fa kali, ya pili kati ya Re na Re kali, maana yake hakuna noti ya kinanda inayolingana nazo. Ukiongeza tena teno na besi, idadi ya watoto hao inakuwa kubwa kiasi cha kuichafua kodi nzima. Kwenye ngoma jambo hilo halisikiki, kwa kuwa pigo ni fupi na tangu mwanzo limejaa kelele, lakini kwaya inashikilia noti kwa sekunde nyingi, na sikio la mtu anayeijua nota litaikamata kasoro hiyo mara moja.

Kwa hiyo ikiwa unataka kukoleza kwaya kwa klipa au kanda, koleza kila sauti kwenye chaneli yake: soprano peke yao, alto peke yao, teno na besi vivyo hivyo, kisha zikutanishe zikiwa zimekwisha kukolezwa. Hapo kila kundi linapata hamoniki zake bila kugombana na wenzake. Kwenye masta ya kwaya usiweke klipa kabisa.

Naongeza onyo moja kuhusu ununuzi. Niliwahi kutumia akiba ya miezi miwili kununua plagini ya kanda kwa sababu kila nikiiwasha wimbo ulichangamka. Baadaye nilipopima kwa Youlean Loudness Meter, ambayo ina toleo la bure, nikakuta plagini ile ikiwashwa tu inaongeza desibeli 1.5. Nilipoishusha hadi ukubwa uwe sawa, nikafumba macho na kuiwasha na kuizima, wimbo bila plagini ndio ulionipendeza. Sisemi kwamba plagini za kanda ni mbaya, lakini usiamue chochote kabla ya kusawazisha ukubwa.

KandaZaZamani_Tabora

Vijana wangu, nimesoma yote kwa furaha, na kwa kuwa swali la kanda halijapata haki yake, nitalichukua mimi. Kabla ya kompyuta nilikuwa nikinakili kaseti hapa Tabora, na kila jioni nilisafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. Pamba ilitoka na unga wa rangi ya kahawia, nao ni oksidi ya chuma, ndiyo iliyokuwa ikiibeba sauti. Bendi zetu za hapa, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, zilirekodiwa katika enzi ya kanda, na ulaini ambao vijana wanaupenda katika dansi la zamani ulitoka kwa sehemu kubwa kwa waimbaji na wapigaji wenyewe, kisha kwa unga ule.

Chembe za chuma hazikatai sauti ghafla. Kadiri sumaku inavyokaribia kushiba, kila unachoongeza kinazaa ongezeko dogo kuliko lililotangulia, kwa hiyo pigo kali linaviringwa badala ya kukatwa. Tena kanda ina kumbukumbu: inachotoa sasa kinategemea pia kilichopita kabla yake, wakati klipa ya kawaida inaitazama sampuli, yaani kipimo kimoja cha wimbi, iliyo mbele yake tu. Na kwa kuwa mashine za kanda huinua sauti za juu wakati wa kurekodi ili kuushinda mvumo, sauti hizo ndizo zinazotangulia kushiba, ndiyo maana matoazi makali na herufi s inayochoma hulainika kwenye kanda kabla ya kitu kingine.

Kasi nayo ni ya kuangalia. Kwenye mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde kichwa cha mashine hutoa uvimbe kidogo katika sauti nzito, na ukiongeza kasi mara mbili uvimbe huo unapanda oktava nzima. Kwa besi na kiki mimi huchagua kasi ndogo, na kwa waimbaji kasi kubwa.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni la kiwango cha kuingilia. Plagini nyingi za aina hii zimepimwa hivi kwamba sindano ya kipimo chake ikisoma sifuri, sauti yako iko karibu na desibeli −18 za kidijitali. Mtu anaingiza wimbo ambao tayari uko desibeli −6, plagini inanguruma, naye anahitimisha kwamba ni mbovu. Shusha kwanza, ndipo uisikilize.

Chow Tape Model ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ilijengwa kwa kuichunguza mashine ya Sony TC-260, kwa hiyo kwako, kijana wa Ujiji, ianze hiyo. Ikiilemea kompyuta, ToTape ya Airwindows ni nyepesi sana, ingawa haina picha yoyote ya mashine, ni vitelezi tu. Waves J37 imeigiza mashine ya Studer ya njia nne za kurekodia iliyotumika studio ya Abbey Road, na Softube Tape inakupa aina tatu za mashine kwa vitufe vichache. Zote mbili ninaziheshimu, na siku utakapokuwa na fedha ningekuelekeza kwa Softube kwa sababu haikupi nafasi kubwa ya kukosea. Yumbayumba ya mwendo na mvumo wa kanda vizime, hasa kwenye kwaya yenye kinanda.

Kanda itangulie, klipa ifuate, limita iwe ya mwisho. Ukiiweka kanda baada ya klipa, vichujio vyake vitavisogeza vipande vya wimbi na vilele ulivyokwisha kuvikata vitaota tena.

Mwandaji_Ujiji

Shikamoo mzee wangu, na asanteni dada na kaka. Nimekaa na mradi ule wa kwaya siku tatu. Niliondoa klipa kwenye masta, nikaweka Chow Tape kwenye kila sauti kwa kiwango cha desibeli −18, nikazima yumbayumba, kisha nikasawazisha ukubwa kama mlivyoelekeza. Kwa alto na teno nimeipenda. Kwa soprano, nilipofumba macho, mara zote nilichagua pale ilipozimwa, kwa hiyo nimeiondoa huko.

Kwenye wimbo wa Bongo Fleva, Free Clip inakata desibeli 3 kwenye ngoma na limita sasa haigusi zaidi ya desibeli 1. Besi inasikika hata kwenye simu. Nimebakiwa na swali moja: dari la limita niliweke wapi, ikiwa wimbo utatumwa kwa WhatsApp na kuwekwa kwenye fleshi za bajaji?

DadaMiksi_Gungu

Weka desibeli −1, na uwashe kipimo cha vilele halisi kama limita yako inacho. Faili ikigeuzwa kuwa MP3 au kubanwa na simu, wimbi linajengwa upya na vilele vinaweza kupanda juu ya pale ulipoviacha. Ukiwa umefika sifuri, vitakatwa na kifaa cha msikilizaji, na huko hakuna ovasampulingi. Spotify nao wanashauri −1 hiyohiyo kwa wimbo ulio kwenye LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa wimbo unavyosikika). Soprano umefanya vizuri kuziacha. Mwite mwalimu asikilize kabla hujatoa faili ya mwisho, na safari hii mpe hedfoni zako.

KandaZaZamani_Tabora

Marahaba, kijana wangu. Mwalimu akishasikiliza, tuandikie alichosema kuhusu alto.