Mrejesho: Nimefika soko la Nishiki peke yangu

Wapendwa, niliwauliza kama mtu anaweza kuzunguka soko la Nishiki, Kyoto, akiwa peke yake na hajui Kijapani. Mkaniambia niende asubuhi na nibebe sarafu. Asanteni sana, nimerudi salama.

Ni kichochoro kimoja chenye paa, kama mita 390, maduka yamebanana pande zote mbili. Mimi mtoto wa pwani, macho yalinasa kwa pweza: wadogo, wekundu, wamechomekwa kijiti, na kichwani wametiwa yai la kware. Nilipoanza kuondoka huku nakula, mama muuzaji akanionyesha kwa mkono nisimame palepale. Kule kula huku unatembea hawataki. Nikamaliza taratibu, akakipokea kijiti akakitupa mwenyewe. Ukarimu ule ulinigusa.

Achari zao hufukiwa kwenye pumba za mchele, harufu kali, lakini ile ya biringanya naiwaza mpaka leo.

Kwa wasiotumia pombe, ulizeni kabla ya kuonja, maana vitu vingi hupikwa kwa sake au mirin, pombe za mchele za Kijapani. Mimi niliandikiwa swali hilo kwa Kijapani hotelini, kwenye karatasi, nikawa naionyesha tu.