Yamabudo ya kusindika: nani anajua pa kununua?

Dada wa Nagoya:
Hamjambo ndugu zangu. Mimi na shoga yangu tunataka kutengeneza jemu na sharubati ya yamabudo, zile zabibu pori za Kijapani, na baadaye tuuze unga wake kwenye vidonge vya lishe. Sokoni huku Nagoya, Japani, sizioni kabisa. Nani anajua zinakopatikana kwa jumla? Na je, ruhusa kwenda kuchuma mlimani? Nimeambiwa ni za bure.

Kaka wa Morioka:
Salama dada. Mlimani usiende. Kwanza, msitu una mwenyewe, na hapa mkoani Iwate msimu wa yamabudo ndio msimu wa dubu kushiba kabla ya baridi, na wao wanazipenda kuliko wewe. Pili, hizo "pori" zinazouzwa nyingi ni za shambani, zimetambazwa kwenye chanja kama zabibu nyingine. Upande wa Kuzumaki, Kuji na Noda zinalimwa sana. Yamagata nako zipo. Kwa wewe uliye Nagoya, Hiruzen mkoani Okayama ni karibu zaidi.

Mavuno ni mwishoni mwa Septemba na Oktoba, basi. Sehemu kubwa inakwenda kwenye viwanda vya mvinyo na juisi, kwa hiyo ukisubiri zivunwe ndipo upige simu, utakuta zimeshagawanywa. Ongea na ushirika wa wakulima (JA) kuanzia kiangazi, na omba za kugandishwa: ganda linalegea, juisi inatoka kirahisi. Usishangae bei. Tunda ni dogo, kokwa zimejaa, na majimaji ni kidogo.

Kwa kuanzia, nunua juisi michi-no-eki, yale maduka ya mazao kwenye vituo vya barabarani. Tafuta chupa iliyoandikwa "sutoreeto" (juisi isiyotokana na iliyokolezwa) na asilimia 100, kisha geuza nyuma usome: kiambato kiwe yamabudo peke yake. Sukari ikitangulia kwenye orodha, ujue ndiyo iliyozidi. Yama Sauvignon pia si yenyewe, ni chotara wa yamabudo na Cabernet Sauvignon.

Ukikuta vichembe vinang'aa chini ya chupa, usirudishe dukani. Ni chumvi za asidi ya tatariki, asidi ileile ya ukwaju. Na ukali wake ni wa ukwaju kweli, usiinywe tupu ukiwa na njaa.

Mama wa Saitama:
Wanangu, niongeze moja kwa Waislamu wenzangu. Kwenye rafu za michi-no-eki mvinyo na juisi vinakaa bega kwa bega, picha ya kishada ni ileile. Tafuta neno la pombe, 酒, kabla ya kulipa. Mjukuu wangu ndiye anayenisomea.

Na wewe wa Nagoya, juisi yako usiiache mezani ikachacha. Ikifika kilevi cha asilimia 1, kisheria umetengeneza pombe bila leseni. Hata ile desturi yao ya kuloweka matunda kwenye pombe kali nyumbani, sheria imekataza zabibu na ikaitaja yamabudo kwa jina. Ume, zile plamu zao, wanaloweka; yamabudo hapana.

Dada wa Nagoya:
Shikamoo mama, asante. Kaka, na ule unga?

Kaka wa Morioka:
Unga upo, wauzaji wa malighafi wanao. Kabla ya kulipa, uliza umetokana na tunda zima, maganda au makapi ya mvinyo, na dekstrini (unga utokanao na wanga) ni kiasi gani, maana mara nyingi huchanganywa ili ukauke vizuri. Dai cheti cha maabara cha shehena hiyohiyo. Anayekujibu "una polifenoli nyingi" halafu hakupi takwimu, achana naye.

Lakini kwa ushauri wangu vidonge viacheni kwanza. Mkiandika kwamba vinatibu presha au macho, mmeuza dawa bila kibali. Hata madai mepesi ya afya, tangu 2015 yana utaratibu wake wa kuwasilisha ushahidi serikalini. Jemu ina njia fupi: nendeni hokenjo, ofisi ya afya ya eneo lenu, mkaulize masharti ya jiko, na kama la nyumbani linaruhusiwa. Na angalieni viza zenu zinaruhusu biashara, hasa kama mmoja wenu ni mwanafunzi.

Dada wa Nagoya:
Shoga yangu ni mwanafunzi, kumbe! Basi nitaandikisha kwa jina langu baada ya kuuliza uhamiaji. Vidonge tumeviweka kando. Nani ana gari la kwenda Hiruzen Oktoba? Mafuta na tozo za barabara tutachangia.