Kuanza uanagenzi wa ufundi mitambo nikiwa na miaka 34: nianzie wapi?

Mhasibu_Temeke
Habari za humu wakuu. Nina miaka 34, ni mhasibu, na nimeamua kuhamia ufundi mitambo wa viwandani, upande wa matengenezo. Hesabu na fizikia za kidato cha nne nilifaulu, ila tupa sijawahi kushika. Kuna kiwanda hapa Dar kiko tayari kunichukua mwanagenzi kwa miaka miwili, kwa posho. Nitazame nini kwenye mkataba, nijifunze nini kabla sijaripoti, na cheti kinapatikanaje?

Fundi_Karakana
Mkuu, anza na mkataba. Mwanagenzi na saidia fundi wanavaa overoli moja, wanachotofautiana ni kilichoandikwa. Saidia fundi anabeba vifaa, anashika tochi na kufagia chini ya mashine, na miaka miwili ikiisha anajua hayo hayo. Mkataba wako utaje fani, muda, jina la msimamizi, chuo mnachoshirikiana nacho, na mzunguko wa idara: benchi, mashine za kukereza, uchomeleaji, mota na giaboksi, haidroliki, umeme wa mashine. Kila idara iandikiwe wiki zake. Wakikuambia "utazunguka tu kadiri kazi itakavyokuja", omba waandike, maana kazi itakayokuja kila siku ni ya kupaka grisi.

Hakikisha pia umesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) kabla hujagusa mashine, na iandikwe nani ananunua viatu vya chuma na miwani. Posho uichukulie kama nauli na chakula. Kodi na ada za watoto zipangie kwingine.

Tupa_na_Skweya
Mimi nisisitize mikono. Tafuta wiki chache za benchi kabla ya kuripoti. VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana kozi fupi, uliza chuo chao cha Chang'ombe. Ukiingia kiwandani hujui kupima, hakuna atakayesimamisha uzalishaji akufundishe.

Nunua vernia (kipimio chenye taya) ya milimita 150 inayosoma hadi 0.02. Kila kabla ya kupima futa taya, zifunge, uone kama sifuri imekaa kwenye sifuri. Skeli kuu ikionyesha 24 na mstari unaolingana kwenye vernia ukawa wa 0.36, kipimo ni 24.36. Wanaoanza hukosea kwa kubana taya kwa nguvu, au kupima taya zikiwa zimelala upande kidogo. Kwenye shafti ya beringi kosa la namna hiyo linatosha kuharibu kazi nzima.

Halafu tupa. Chukua kipande cha chuma laini cha milimita 50 kwa 50, unene 10, ukipige tupa pande zote nne hadi kifike 48 kwa 48 na skweya (kipimio cha pembe mraba) ikiwekwa isipitishe mwanga. Jiliwa (kibanio cha benchi) iwe usawa wa kiwiko chako. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ukikandamiza wakati wa kuirudisha unaua meno. Uso utavimba katikati, wa kila mtu huvimba, kwa sababu tupa inabembea. Dawa yake: mwanzo wa mpigo uzito uwe mkono wa mbele, katikati mikono igawane, mwishoni uhamie mkono ulioshika mpini.

Ukimaliza hapo, kata nyuzi za M10, yaani za bolti ya kipenyo cha milimita 10. Tundu la kutobolea ni kipenyo ukitoa hatua ya uzi (umbali wa uzi mmoja hadi wa pili): 10 toa 1.5, biti ya 8.5. M8 ni 6.8, M6 ni 5, M12 ni 10.2. Ukitoboa dogo zaidi, tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) inakatikia ndani, na kuitoa ni mateso kwa sababu ni ngumu kama biti yako. Anza na tapu ya kwanza kwenye seti, ile iliyochongoka, tia oili, mzunguko nusu mbele, robo nyuma ili vinyweleo vya chuma vivunjike. Baada ya mizunguko miwili weka skweya; ikiwa imeinama, irekebishe hapo hapo, baadaye hairudi.

Mhasibu_Temeke
Asanteni sana. Spidi ya drili kwa hiyo 8.5 naipataje?

Matengenezo_Zamu_B
Zidisha spidi ya kukatia kwa 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Biti ya kawaida ya HSS (chuma kigumu cha kukatia) kwenye chuma laini chukua mita 25 kwa dakika: 25,000 gawanya kwa 26.7, karibu mizunguko 940 kwa dakika. Mashine isipokuwa na hiyo, shuka chini, usipande. Biti ikigeuka bluu, spidi ilikuwa kubwa au oili haikufika.

Upande wa matengenezo utaishi na beringi. Namba 6205: tarakimu mbili za mwisho mara 5 ni kipenyo cha shafti, yaani 25 (hesabu hii inaanzia 04). Ukiivalisha kwenye shafti, nguvu ipite kwenye ringi ya ndani, kwa bomba linaloigusa hiyo tu. Ukigonga ringi ya nje, mipira inachimba vidimbwi kwenye njia yake, na beringi mpya itaanza kulia muda si mrefu. Ukiipasha joto, 110°C inatosha, na usitumie moto wa gesi. Grisi nayo ijaze theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi, ikijaa inachemka.

Kabla ya hayo yote: zima swichi kuu, weka kufuli lako, tundika kibao, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha uone kama mashine imekufa kweli. Ufunguo ukae mfukoni mwako. Asikuharakishe mtu, hata meneja.

Fundi_Karakana
Kuhusu cheti: tuzo za taifa za ufundi stadi ni NVA hatua ya I hadi III, ndiyo maana nilisema chuo kitajwe kwenye mkataba. Kiwanda kikikufundisha bila chuo, bado VETA wana utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Ila NVA haikufanyi mhandisi. Ukitaka ufundi sanifu, tafuta stashahada, ngazi za elimu ya ufundi (NTA) ya 4 hadi 6. Uhandisi wenyewe unadai shahada na usajili wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi.

Msimamizi wako huenda akawa na miaka 25. Mwite fundi, muulize bila aibu. Na uhasibu wako una kazi: stoo za spea nyingi hazina kumbukumbu za maana. Kila siku andika kwenye daftari mashine, tatizo, chanzo, namba ya spea iliyobadilishwa na saa zilizotumika, msimamizi asaini kila wiki. Mtathmini ataanzia kwenye daftari hilo.